Adam Politzer: tabibu aliyetafuta mrija utakaodumu sikioni

Mzazi wa Kamembe, Gihundwe au Bugarama ambaye mtoto wake amewekewa mrija mdogo sikioni huwa na swali moja: mrija huu utatoka lini? Adam Politzer, mmoja wa matabibu wa kwanza kuubuni mrija wa namna hiyo, alisumbuliwa na swali la kinyume chake. Alitaka kujua afanye nini ili ukae. Amekwisha kufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini maswali yote mawili bado yako mezani pa madaktari wa masikio, na majibu yake yanawahusu watoto wa Rusizi kama yalivyowahusu wale wa Vienna.

Kutoka Alberti hadi Vienna

Politzer alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1835 katika mji mdogo wa Alberti, nchini Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Hungaria wakati huo ilikuwa chini ya ufalme wa Austria, na kijana mwenye kiu ya elimu aliuelekeza uso wake Vienna. Huko ndiko alikosomea udaktari na kupata shahada yake mwaka 1859.

Enzi hizo maradhi ya masikio hayakuwa na heshima katika vyuo vya tiba. Madaktari wengi waliyaona kuwa jambo dogo lisilo na dawa, na wagonjwa wakaachwa mikononi mwa waganga wa mitaani. Politzer aliamua kuyafanya kazi ya maisha yake. Akafunga safari ya masomo: Würzburg, Heidelberg, Paris na London. Alikaa na wanafizikia waliochunguza sauti, na wataalamu waliochunguza utendaji wa mwili. Huko London alimfuata Joseph Toynbee, aliyekuwa akiyapasua masikio ya maiti mengi ili kuyalinganisha maradhi aliyoyaona kwa walio hai na uharibifu uliobaki baada ya kufa. Mwaka 1861, akiwa na umri wa miaka isiyozidi 26, Politzer alirejea Vienna na kuanza kufundisha somo la masikio katika chuo kikuu.

Mpira wenye umbo la parachichi

Ili kuielewa kazi yake, ni vyema kwanza kulielewa sikio lenyewe. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho huunganishwa na sehemu ya juu ya koo kwa mfereji mwembamba, ambao hufunguka tunapomeza au kupiga miayo na kuingiza hewa mpya. Kwa mtoto mdogo mfereji huo ni mfupi na umelala karibu usawa, kwa hiyo mafua au uvimbe wa tezi za nyuma ya pua huuziba kwa urahisi. Hewa ikikosekana, majimaji hutuama chumbani. Mara nyingine huingia maambukizi, mtoto akapata homa na sikio likatoa usaha, ugonjwa ambao kwa Kinyarwanda huitwa umuhaha. Mara nyingine hakuna maumivu yoyote, ila mtoto husikia kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Nyumbani huonekana mkaidi, shuleni huonekana mzito wa kuelewa, na maneno yake huchelewa.

Kabla ya Politzer, tabibu aliyetaka kuufungua mfereji huo alipitisha bomba la chuma puani hadi kooni. Mtu mzima aliweza kuvumilia, ila kwa mtoto ilikuwa adhabu. Mwaka 1863 Politzer alitangaza njia nyepesi. Mgonjwa alipewa maji mdomoni. Ncha ya mpira laini wenye umbo la parachichi iliwekwa katika tundu moja la pua na tundu jingine likabanwa. Mgonjwa alipomeza, tabibu aliubinya mpira, na hewa ikapenya hadi sikioni katika nukta ileile mfereji ulipofunguka. Njia hiyo ilienea upesi na bado inaitwa kwa jina lake.

Mrija uliokataa kukaa

Hata hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa hewa haikutosha. Majimaji yaliganda kama utomvu na yakahitaji kutolewa. Tangu mwaka 1801 ilijulikana, kwa kazi ya mpasuaji Mwingereza Astley Cooper, kwamba kukitoboa kiwambo kunaweza kurudisha usikivu. Tatizo lilikuwa uponyaji wenyewe: tundu huziba baada ya siku au majuma machache, na majimaji hurudi.

Katika miaka ya 1860 Politzer alitengeneza kipete kidogo cha mpira mgumu, chenye mfuo wa kushikia kingo za tundu, akakiweka ndani ya kiwambo ili mlango usifungwe. Ilikuwa miaka ambayo Kinyaga, eneo linalojumuisha Rusizi ya leo, ilikuwa chini ya mwami Kigeli Rwabugiri, na habari za Vienna hazikuwa na njia ya kufika kandokando ya Ziwa Kivu. Wengine Ulaya walijaribu dhahabu na alumini. Matokeo yalikuwa yaleyale: vipete viliziba kwa uchafu, au vilisukumwa nje mapema.

Sababu imo katika maumbile. Ngozi ya kiwambo haikui papo ilipo. Huota katikati na kusogea polepole kuelekea ukingoni, kisha nje ya tundu la sikio, ikibeba nta na vumbi kama mto ubebavyo majani. Kitu chochote kilichopachikwa humo husukumwa na mkondo huo. Njia ya vipete ikafifia kwa miongo mingi, hadi mwaka 1954, daktari Mmarekani Beverly Armstrong alipochapisha taarifa ya mrija wa plastiki. Tangu hapo kuuweka mrija kumekuwa miongoni mwa upasuaji wa kawaida kabisa wa watoto katika nchi tajiri.

Mwalimu wa mataifa

Politzer hakupimwa kwa kipete hicho peke yake. Mwaka 1864, pamoja na Wajerumani Anton von Tröltsch na Hermann Schwartze, alianzisha jarida la kwanza la maradhi ya masikio. Mwaka 1873 yeye na mwenzake Josef Gruber walifungua kliniki ya masikio ya chuo kikuu katika hospitali kuu ya Vienna. Wanafunzi walimiminika kutoka Ulaya na Marekani, naye alimudu kufundisha kwa lugha kadhaa. Kitabu chake kikuu cha tiba ya masikio, kilichotoka kwa sehemu mbili mwaka 1878 na 1882, kilifasiriwa na kusomwa kwa muda mrefu. Mwaka 1893 alieleza kwamba aina fulani ya uziwi wa watu wazima hutokana na mfupa wenyewe wa sikio kugeuka, jambo lililobadili mawazo ya wenzake. Katika kliniki yake alifanya kazi Robert Bárány, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wa sehemu ya sikio inayotunza msimamo wa mwili.

Alistaafu mwaka 1907, na mwaka huohuo akatoa juzuu ya kwanza ya historia ya tiba ya masikio. Ya pili ikafuata mwaka 1913. Aliishi kuiona Vita Kuu ikimaliza ufalme uliomlea, na alifariki Vienna tarehe 10 Agosti 1920, akiwa na umri wa miaka 84.

Mrija unaochelewa kutoka

Mirija ya leo imeshinda pale kipete cha Politzer kiliposhindwa, na ushindi huo umeleta shida yake. Mrija wa kawaida hutarajiwa kukaa takriban miezi 6 hadi 18, kisha kutoka wenyewe kwa mkondo ule wa ngozi. Mingine, hasa ile yenye umbo la herufi T, imetengenezwa makusudi ili idumu zaidi. Lakini hata mrija wa kawaida unaweza kung'ang'ania miaka 2, 3 au zaidi.

Kuchelewa si lazima kuwe hatari. Maadamu mtoto bado ana tezi zilizovimba na mfereji usiofunguka vizuri, mrija humsaidia, na kuutoa mapema kunaweza kurudisha majimaji. Hata hivyo, kadiri unavyokaa ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba tundu halitaziba baada yake, sikio litatoa uchafu mara kwa mara, au nyama itaota kuuzunguka. Kwa nadra, ngozi huingia ndani ya sikio la kati na kujikusanya, hali inayoweza kula mifupa midogo ya kusikia. Ndiyo maana madaktari wengi, mrija ukipita miaka 2 au 3, hupima faida na madhara, na mara nyingi huamua kuutoa chini ya dawa fupi ya usingizi. Tundu lisipojifunga, linaweza kuzibwa kwa upasuaji mwingine.

Kwa familia ya Rusizi ugumu mkubwa uko katika umbali. Mtoto aliyewekewa mrija Kigali au Huye hurudi nyumbani kwa kuvuka msitu wa Nyungwe. Akishasikia vizuri na maumivu yakaisha, safari ya kurudi kuchunguzwa huonekana gharama isiyo na sababu. Hapo ndipo mrija husahaulika. Mrija uliosahauliwa haumuumi mtoto wala haumkumbushi mzazi, na sikio la nje huonekana zima. Ni mwenye chombo cha kuangalia ndani tu awezaye kujua kama bado upo.

Kwa hiyo, mzazi aandike tarehe ya upasuaji na aina ya mrija katika karatasi za hospitali, na amwombe daktari amwambie lini aurudi. Kwa kawaida uchunguzi hufanywa kila baada ya miezi michache, hata mtoto akiwa mzima. Usaha au damu ikitoka, au mtoto akianza tena kutosikia, asingoje tarehe hiyo, bali afike kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa. Asitie sikioni mafuta, maji ya majani wala kijiti, kwani chochote kinachotiwa humo kinaweza kupita katika mrija na kuingia moja kwa moja sikio la kati.