H.G. Wells: Mwalimu Aliyejenga Nchi Sakafuni

Ukimtaja H.G. Wells hapa chuoni, wachache wanaomjua watakwambia ni yule Mwingereza aliyeandika riwaya ya mashine ya kusafiria katika wakati, na nyingine ya viumbe wa Mars kuivamia dunia. Sawa. Ila mimi nimempenda kwa jambo jingine. Alikuwa mwalimu, na alikuwa mtu mzima aliyepiga magoti sakafuni akajenga milima, mito na miji kwa mbao, maboksi na vijiti vya bustanini, wala hakuona haya. Mimi bado naona haya kidogo, maana mwenzangu wa chumbani akinikuta na mkasi na boksi la sabuni huniuliza kama nimerudi chekechea.

Herbert George Wells alizaliwa 21 Septemba 1866 huko Bromley, Kent. Baba yake alikuwa na duka la vyombo lisilolipa, akajazia kwa kucheza kriketi ya malipo. Mama yake alikuwa amefanya kazi za ndani kwenye nyumba za wakubwa. Mwaka 1874 mtoto alivunjika mguu, na kule kitandani akaletewa vitabu. Toka hapo hakuacha kusoma. Mwaka 1877 baba naye akavunjika paja. Kriketi ikaisha, pesa ikaisha, mama akarudi kwenye kazi za ndani na kijana akapelekwa Southsea kujifunza kazi kwa muuza vitambaa. Kusimama kutwa, kukunja nguo, kusema ndiyo bwana. Aliichukia kazi ile mpaka mama akakubali avunje mkataba, na mwaka 1883 akaingia shule ya Midhurst akiwa nusu mwanafunzi, nusu mwalimu.

Mwaka 1884 alipata ufadhili wa serikali kusomea ualimu wa sayansi South Kensington, London. Mwaka wa kwanza alifundishwa biolojia na Thomas Henry Huxley, yule mtetezi mkubwa wa Darwin, akafanya vizuri sana. Baada ya hapo masomo yakamchosha. Akawa mtu wa midahalo na siasa, akashiriki kuanzisha gazeti la wanafunzi (ndiyo, kama hili), na mwaka 1887 akafeli jiolojia. Kwa lugha yetu, alidisko. Wenye sapu naomba msome aya hii mara mbili, kwa sababu jamaa alirudi kusoma kwa kujitegemea, akapata shahada ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1890.

Katikati ya hapo alifundisha. Kwanza Holt, Wales, ambako alichezewa rafu kwenye mpira, figo ikaumia, na mapafu yakafuata kutoa damu. Kisha Kilburn, London, katika shule ambamo mmoja wa wanafunzi alikuwa A.A. Milne, ambaye baadaye aliandika hadithi za dubu Winnie-the-Pooh. Afya haikumruhusu kuendelea na darasa, basi akageukia kalamu, na mwaka 1895 riwaya yake ya mashine ya wakati ikamtoa. Kuhusu ndoa sitamtetea. Alimwacha mke wa kwanza, binamu yake Isabel, akamwoa mwanafunzi wake Amy Catherine, na huyo naye hakumtendea haki ya uaminifu. Walipata wavulana wawili, George Philip, aliyeitwa Gip, mwaka 1901, na Frank mwaka 1903.

Hao watoto ndio waliomrudisha sakafuni. Mwaka 1911 alitoa kitabu kidogo cha michezo ya sakafuni, kilichotokana na walivyocheza nyumbani. Sakafu yenyewe ni bahari, na mbao zilizolazwa juu yake ni visiwa. Matofali ya mti yanajenga mahekalu na bandari, vijiti vya bustanini ni msitu. Wells anawalalamikia wauza midoli kwamba wanajaza maduka askari, wakati mtoto anayejenga mji anahitaji raia: watu wa sokoni, wa stesheni, wa kawaida tu. Na hachezi tu. Anaamini, tena kwa dhati, kwamba mtoto aliyezoea kupanga nchi nzima kwa mikono yake atakuwa na mawazo mapana akikua. Hayo aliyaandika mtu aliyewahi kushika chaki.

Mwaka 1913 kikafuata kitabu cha vita vidogo. Mchezo ulianza baada ya chakula, yeye na rafiki zake wakilenga askari wa madini kwa mzinga wa kuchezea unaorusha kipande cha mti. Milima ya kwanza ilikuwa majuzuu ya ensaiklopidia yaliyotupwa juu ya zulia. Baadaye wakatoboa mbao na kuchomeka vijiti viwe miti, wakachora mito kwa chaki, wakatengeneza nyumba za makaratasi magumu. Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni hii: mchezaji mmoja anaipanga nchi, halafu mwenzake ndiye anayechagua upande wa kupigania. Kwa hiyo anayepanga hawezi kujiwekea mlima mzuri peke yake. Jina refu la kitabu linawakaribisha wavulana hadi umri wa miaka 150, na wasichana wale tu wenye akili zaidi. Nimelisoma, nimecheka, nimeendelea kukata maboksi yangu.

Wanaojenga mandhari ndogo za michezo ya mezani leo, Ulaya na Marekani hasa, humhesabu Wells kuwa mmoja wa mababu zao. Mimi nilimkuta nikiandaa zana za kufundishia. Kwetu Nyarubungo, kati ya Ngara na Biharamulo, mtoto anajua kilima kwa magoti yake kabla hajakijua kwa ramani, lakini mpe mistari ya kontua ubaoni uone anavyoganda. Kwa ajili ya TP nilitengeneza eneo la Rusumo, pale Ruvubu inapokutana na Kagera. Kila kontua nilikata tabaka moja la boksi, nikayabandika moja juu ya jingine, nikafunika kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo. Yalikauka siku tatu. Vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani likawa nyasi. Darasani wanafunzi waliinamisha vichwa mpaka usawa wa meza, na binti mmoja wa nyuma akapitisha kidole mtoni akaniuliza maji yanapinda vipi kabla ya maporomoko. Swali hilo ubaoni sikuwahi kulipata.

Mwisho wa kitabu cha 1913 Wells anasema jambo zito. Anadai kwamba yeyote aliyecheza vita vidogo mara chache tu ataona jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi wa gharama, na angetamani wachochezi wa vita wafungiwe chumba kimoja na askari wao wa kuchezea. Mwaka mmoja baadaye Vita Kuu ikaanza. Na Wells huyohuyo akaandika kuiunga mkono, akisema itakuwa vita ya kukomesha vita. Hapo nadhani alikosea vibaya. Mwaka 1916 vita hivyo vilifika kwetu: majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakavuka, yakaichukua Biharamulo kutoka kwa Wajerumani. Katika Afrika Mashariki nzima maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi, wengi bila kushika bunduki. Raia wale ambao maduka ya midoli hayakuwa nayo.

Aliishi kuona vita ya pili pia. Alikuwa na kisukari, na mwaka 1934 alishiriki kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari Uingereza. Alifariki London, 13 Agosti 1946. Gip, mtoto wa visiwa vya sakafuni, alikua mtaalamu wa zoolojia, na kabla baba yake hajafa walikuwa wameshaandika pamoja kitabu kikubwa cha biolojia kwa wasomaji wa kawaida. Mwandishi mwenzao wa tatu alikuwa Julian Huxley, mjukuu wa yule mwalimu wa South Kensington.