Padre Aliyeifuata Njia ya Miraji

Kisa cha Miraji hakuna asiyekijua miongoni mwetu. Ifikapo usiku wa 27 Rajab husomwa misikitini, jinsi Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyopandishwa mbingu saba akiongozwa na Jibrili. Lakini si wengi wanaojua kuwa kwa ajili ya kisa hicho padre mmoja wa Hispania aliwatia joto wanachuoni wa Ulaya nzima.

Padre huyo ni marehemu Miguel Asín Palacios, aliyezaliwa mjini Zaragoza mwaka 1871. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, akalelewa na mama mjane. Alipata upadre mwaka 1895, na huku akijifunza Kiarabu kwa mwalimu wake, Julián Ribera. Ajabu ni kwamba elimu aliyoichagua ni ya Imam Ghazali, ambaye alimwandikia kitabu kizima. Mwaka 1903 akawa profesa wa Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Madrid.

Januari 1919 alipokaribishwa katika Baraza la Lugha ya Kihispania, alitoa hotuba iliyozua kishindo. Alizungumzia utenzi mkuu wa Dante, malenga wa Italia aliyefariki mwaka 1321, ambao unaeleza safari ya kwenda motoni, toharani na peponi. Asín aliuweka utenzi huo kando ya hadithi za Miraji na maandishi ya Ibn Arabi wa Murcia, akaonyesha yanayofanana: msafiri ana kiongozi, moto una tabaka chini ya tabaka, kila adhabu inalingana na dhambi yake, na mwisho wa safari ni nuru.

Waitaliano walikuwa wakijitayarisha kuadhimisha miaka 600 tangu kufa kwa Dante, na wengi wao hawakupendezwa. Waliuliza, Dante asiyejua Kiarabu aliyapata wapi mambo hayo? Asín alitaja njia kadhaa, lakini kitabu cha kuwaonyesha hakuwa nacho. Hata hivyo hakuikana kauli yake. Alifariki mjini San Sebastián, Agosti 1944.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1949, Enrico Cerulli wa Italia na José Muñoz Sendino wa Hispania, kila mmoja kwa upande wake, walichapisha kitabu cha Miraji kilichofasiriwa kutoka Kiarabu kwa amri ya Mfalme Alfonso wa Kumi. Tafsiri ya Kilatini na ya Kifaransa zilikuwa tayari mwaka 1264, yaani mwaka mmoja kabla Dante hajazaliwa! Njia aliyoulizwa Asín ilikuwepo, ingawa mpaka leo wataalamu wanabishana kama Dante mwenyewe alikisoma kitabu hicho.

Tusimfanye Asín kuwa asiyekuwa. Alikufa padre, naye aliamini kuwa usufi ulichota mengi kwa watawa wa Kikristo, rai ambayo Waislamu wengi hawaikubali. Lakini alipoona deni la Ulaya kwa Waislamu hakulificha, japo lilimhusu malenga mkubwa wa dini yake. Mwenye elimu wa kweli hupimwa kwa haki anayompa asiyekuwa wake.