Joseph Bequaert na mti wa chungu

Wenye kuzoea pori la Tshopo wanajua kuna mti ambao hauushiki ovyo ovyo. Matawi yake yako wazi ndani kama bomba, na mule mnakaa chungu weusi wakubwa. Ukiugusa tu, wanashuka wote, na maumivu yao si ya saa moja! Wasomi wanauita Barteria. Mmoja wa waliouandika vizuri ni Joseph Bequaert, Mbelgiji aliyezaliwa Torhout mwaka 1886.

Alisomea mimea huko Ghent, akapata udokta 1908. Mwaka 1910 alikuja Katanga pamoja na madaktari waliochunguza mbung'o na ugonjwa wa malale. Lakini safari yake ya kwetu ni ile ya 1913 mpaka 1915, alipotumwa na serikali ya koloni kukusanya mimea. Alipita Avakubi, Beni, Ruwenzori, Masisi, Walikale, Lubutu, akatokea Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu, mji wa maporomoko ya Wagenia. Ile barabara ya Walikale-Lubutu inayowaliza madereva leo, yeye aliifuata wakati wa miguu na wapagazi. Vibandiko vya wadudu wake vinataja mahali, tarehe, na Bequaert. Waliobeba masanduku na waliomwonyesha mti uko wapi, hakuna.

Mwaka 1916 alihamia Marekani. Mwaka 1922, katika kitabu kikubwa cha Wheeler juu ya chungu wa Kongo, Bequaert aliandika sehemu ya chungu na mimea, na ya maadui wa chungu pia. Kwa hiyo ya pili, matumbo ya vyura yalipasuliwa, chungu waliomo wakahesabiwa mmoja mmoja. Kazi ya uvumilivu, kweli.

Je, wale chungu wanaulinda mti au wanapanga nyumba tu? Jibu lilikuja 1972: Mmarekani Daniel Janzen, akiwa Nigeria, alionyesha kwamba wanafukuza wanyama wanaokula majani na kukata kamba za pori zinazouparamia.

Bequaert alifundisha Harvard, akarudi Kongo mara moja tena 1926-1927, akafa 1982, na miaka 95. Vitu alivyookota viko Tervuren na Marekani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani akitaka kuona kwa macho yake chungu waliotoka Lubutu, anaanzia kuomba viza.