Joginder Singh: Fundi aliyenunua gari lililoshindwa, akalifufua, akaishinda dunia

MBUGANGARI, Rubavu – Anayenunua kitu kilichotumika hununua vitu viwili kwa pamoja: kitu chenyewe, na mateso kiliyopata mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Wafanyabiashara wa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi ulio jirani na mpaka wa Petite Barrière unaoingia Goma, wanalijua hilo vizuri. Iwe ni cherehani, jenereta, pikipiki au gari, maswali ni yale yale. Ubovu wake unatibika? Na gharama ya kuutibu itarudi?

Mwaka 1965 fundi mmoja wa Kenya aliyajibu maswali hayo mbele ya Afrika Mashariki nzima. Alichukua gari ambalo kiwanda cha Ulaya kilikuwa kimelileta, likashindwa, likauzwa kama gari lililotumika. Akalitengeneza kwa mikono yake, kisha akashinda nalo mashindano magumu kuliko yote ya magari barani Afrika. Jina lake lilikuwa Joginder Singh, ambaye mashabiki wa Kenya walimwita Simba na magazeti ya Ulaya yakamwita Kalasinga anayepaa.

Mtoto wa gereji

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 mjini Kericho, katika nchi ya chai ya magharibi mwa Kenya. Baba yake, Battan Singh, alikuwa Msikh aliyehama kutoka Punjab, India, na kuja kutafuta maisha Afrika Mashariki. Alijipatia riziki kwa kutengeneza magari.

Kwa Waswahili, Wasikh ni Makalasinga, jina ambalo inasemekana lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyeitwa Kala Singh. Wengi wao waliletwa na ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896. Reli ilipokwisha, baadhi walibaki na kushika useremala, uhunzi na ufundi wa mitambo. Katika miji mingi ya kanda hii gari lilipokufa, mtu wa kwanza kutafutwa alikuwa Kalasinga.

Joginder alilelewa katika kazi hiyo. Hakuwa mwana wa tajiri aliyenunuliwa gari la kuchezea. Alijifunza kushika spana kabla ya kushika usukani, na hata baada ya kuwa mtu mzima aliendelea kuishi kwa mikono yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama mtu wa doria, kazi ya kuzunguka barabarani kuwasaidia wenye magari yaliyoharibika.

Kazi hiyo ilimpa elimu isiyopatikana darasani. Dereva wa kawaida hujua jinsi gari linavyokwenda. Mtu wa doria hujua jinsi gari linavyokufa: springi ipi huvunjika kwanza kwenye makorongo, vumbi huingia wapi, maji ya mto yakipanda hadi kwenye waya za umeme hutokea nini, na nini kinaweza kufungwa kwa waya na kamba hadi mji unaofuata.

Lazima ikumbukwe pia ni nchi gani aliyokulia. Katika Kenya ya ukoloni, shule, hospitali na mitaa viligawanywa kwa rangi ya mtu. Mzungu alikaa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mbio za magari zilikuwa mchezo wa walowezi. Kijana wa Kiasia mwenye mafuta meusi kwenye kucha hakutarajiwa kukaa mbele ya msafara.

Barabara ya nchi tatu

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Uwanja wake ulikuwa barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, zile zile zilizotumiwa na mabasi, malori ya kahawa na wachuuzi wa ng'ombe.

Katika miaka ya mwanzo magari yaligawanywa katika makundi kulingana na bei yake dukani, na yalitakiwa kuwa magari ambayo mtu wa kawaida angeweza kununua. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa magari waliyafuatilia mashindano haya kwa makini. Gari lililomaliza Safari lilijiuza lenyewe, kwa kuwa mnunuzi wa Kampala, Moshi au Kisumu alikuwa ameliona likipita kwenye tope analolijua.

Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua za masika. Udongo mweusi uligeuka gundi, na mito ikafunika madaraja. Penye ukavu kulikuwa na vumbi jekundu lililoziba macho ya dereva na mapafu ya injini. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 idadi ikawa hiyo hiyo, 7.

Joginder aliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Hadi mwaka 1980 alikuwa ameshiriki mara 22, na katika hizo alimaliza mara 19. Kwa mashindano ambayo kumaliza peke yake kulihesabiwa kuwa ushindi, rekodi hiyo inasema mengi kuliko kombe lolote.

Gari la mtu mwingine

Gari lililompa jina lilikuwa Volvo PV544 ya Sweden. Umbo lake lilikuwa la mviringo, mgongo umeinama kama wa kobe, na hata wakati huo lilionekana la kizamani. Mtangulizi wake, PV444, alikuwa ameoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944. Kufikia 1965 kiwanda kilikuwa kinajiandaa kuacha kabisa kulitengeneza, na mwaka huo huo kikaacha.

Lakini chini ya umbo hilo la kizee palikuwa na mambo ya maana. PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza duniani, mwaka 1959, kuwekwa mkanda wa usalama wa kukamata bega na kiuno, ule ule ambao leo kila askari wa barabarani wa Rwanda anauulizia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa injini inayoitwa B18, ya lita 1.8, ambayo mhimili wake mkuu umeshikwa na beringi 5. Injini ya aina hiyo, ndani ya Volvo nyingine ya mwaka 1966, ilikuja kutembea zaidi ya maili milioni 3 huko Marekani mikononi mwa mwenyewe mmoja.

Kiwanda cha Volvo kilileta magari yake katika Safari ya 1964, na Safari ikawakataa. Gari moja kati ya hayo likaangukia mikononi mwa Joginder kama gari lililotumika. Kampuni haikumpa timu, wala hapakuwa na ndege ya spea iliyomsubiri. Alikuwa na gari lililokwisha kupigwa na barabara, pamoja na ndugu yake, Jaswant.

Mtu aliyewahi kufufua gari nyumbani anajua kazi hiyo ina maana gani. PV544 haina fremu ya chuma chini yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Bodi ikipinda, kuipiga rangi ni kujidanganya, maana magurudumu hayatakwenda sawa tena mpaka chuma kinyooshwe na kila kona ipimwe. Kisha inabaki injini: kuifungua, kupima pistoni na ringi, kutazama valvu, kubadilisha beringi. Zinafuata breki, ambazo katika gari hilo ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne na hujaa tope na maji kila mto unapovukwa. Shokamzoba na springi nazo ndizo hubeba hasira yote ya barabara.

Fundi wa kiwanda hufunga kila kitu kama kitabu kinavyosema. Aliyefanya kazi ya doria anajua kitabu kiliandikwa kwa barabara za Ulaya, na kwamba nati iliyokaza vizuri Gothenburg hulegea kabla ya kufika Mbarara. Jambo hilo Volvo hawakuwa nalo mwaka 1964, na Joginder alikuwa nalo tangu utotoni.

Pasaka ya 1965

Katika Safari ya 1965 Volvo ya ndugu wawili ilibeba namba 1, maana yake walitangulia kuondoka. Kwenye masika nafasi hiyo ni baraka. Anayetangulia hupita barabara kabla haijachimbwa na magurudumu ya wengine, wala hali vumbi la mtu. Lakini pia hana alama za kufuata. Mto ukiwa umejaa, yeye ndiye wa kuupima.

Joginder aliendesha, Jaswant akasoma ramani na saa. Walikwenda hivyo usiku na mchana kwa maelfu ya kilomita. Wenye magari mapya na timu kubwa walinasa, wakavunjika au wakapotea. Volvo kuukuu ikarudi ya kwanza.

Kenya ilikuwa na umri usiozidi miezi 17 tangu uhuru. Sasa mtoto wa gereji ya Kericho alikuwa juu ya boneti, na gari alilopanda lilikuwa lile ambalo wenye kiwanda walishindwa kulifikisha mwisho mwaka mmoja nyuma. Kwa Waasia wengi wa kanda hii, waliokuwa wakijiuliza kama nchi mpya zitawahesabu kuwa wenyeji, furaha ya siku ile ilizidi furaha ya mchezo. Kwa Waafrika waliosimama kando ya barabara, alikuwa wa kwao, na ndiyo maana walimwita Simba.

Ushindi wa pili na wa tatu

Mlango ulifunguka. Mwaka 1968 alishiriki mbio ndefu za kutoka London hadi Sydney. Baadaye akajiunga na Mitsubishi ya Japani, kampuni ambayo wakati huo ilikuwa bado inatafuta jina nje ya kwao.

Mwaka 1974, akiwa na Mitsubishi Lancer ndogo na dereva mwenza David Doig, alishinda Safari mara ya pili. Aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911, gari la michezo lenye sifa na bei kubwa kuliko la Joginder. Mwaka 1976 alirudi na Doig katika Lancer tena na kushinda mara ya tatu, akiwa na miaka 44. Mitsubishi zilichukua nafasi zote tatu za mwanzo. Kabla yake hakuna dereva aliyewahi kushinda Safari mara 3.

Wanaouza magari kutoka Japani leo wanavuna shamba lililolimwa miaka ile. Mitsubishi, Datsun na baadaye Toyota zilithibitisha kwenye tope la Afrika Mashariki kwamba gari dogo la Japani si la karatasi. Sifa hiyo haikutoka kwenye matangazo.

Mipaka ilipofungwa

Wakati Joginder akipanda, barabara aliyoishinda ilikuwa inakatwa vipande. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilidhoofika baada ya Idi Amin kutwaa Uganda mwaka 1971, na mwaka 1972 Amin akawafukuza Waasia. Mwaka 1974 neno Afrika Mashariki liliondolewa kwenye jina la mashindano. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Mashindano yaliyozaliwa ya nchi tatu yakawa ya nchi moja.

Mfanyabiashara hahitaji kufafanuliwa hasara hiyo. Mpaka ukifungwa, gari la mbio hupunguza njia, lakini mwenye gunia la vitunguu hukosa chakula cha usiku. Jumuiya ilirudi kwa mkataba wa mwaka 1999, Rwanda ikajiunga mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Hata hivyo Safari haijarudi kuwa barabara moja ya kanda nzima. Magari ya zamani yamejaribu kwa njia yao: tangu 2003, katika mashindano ya East African Safari Classic, magari yaliyofufuliwa kutoka enzi za Joginder yamevuka tena kati ya Kenya na Tanzania.

Alichoacha

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Madereva waliokuja baada yake walimpita kwa idadi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda Safari mara 5. Lakini hakuna aliyeifuta hesabu ya 1965.

Hesabu hiyo haisemi kwamba kila gari bovu lina dhahabu ndani. Magari mengi mabovu ni mabovu tu, na fundi mzuri ni yule anayejua lipi la kuacha. Joginder aliweza kutambua kwamba ubovu wa Volvo ile ulitokana na barabara ambayo wenyewe hawakuijua, na kwamba injini na bodi bado vilikuwa na uhai. Aliijua barabara ile kuanzia Kenya hadi Uganda hadi Tanganyika, kwa kuwa katika ujana wake mtu wa kazi yake aliweza kuijua yote bila kusimamishwa.