Kabla ya Kununua Lori, Mjue Allidina Visram

Mpwa wangu amenijia hapa Msambweni mara tatu mwezi huu, na neno lake ni lile lile. Amepata trela la mtumba Mombasa, kichwa chake Actros, na dalali anamhimiza kwamba wanunuzi wengine wako njiani. Anataka tuuze kipande cha shamba la minazi alilotuachia mama yangu, ambaye ni nyanya yake, mimi niongeze akiba yangu ya udereva, tuanze biashara ya kusafirisha mizigo. Nimeendesha malori ya watu miaka mingi, kutoka bandarini hadi Malaba na kurudi. Sikumjibu ndiyo wala la. Nilimkaribisha barazani nikamsimulia maisha ya Allidina Visram.

Jina hilo watu wa pwani tunalijua kwa sababu ya ile shule ya Mombasa, na wengine wameiona sanamu yake pale Treasury Square. Tunamjua kama tajiri mkarimu. Wachache hukumbuka kwamba utajiri wenyewe aliupata kwa kuhamisha mizigo, tena alianza bila chombo chochote.

Alizaliwa Kera, huko Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851. Mwaka 1863, akiwa na miaka 12 hivi, alivuka bahari akashuka Bagamoyo. Hakuja na mali. Aliingia kazini kwa Sewa Haji Paroo, Khoja mwenzake, aliyekuwa akitayarisha misafara ya kwenda bara. Sewa Haji alikuwa mtu wa kutegemewa na wageni: Stanley alipopita Bagamoyo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, sehemu ya wapagazi wake aliwapata kwa mlango huo.

Siku zile lori lilikuwa binadamu. Punda na ng'ombe walikufa njiani kwa mbung'o, kwa hivyo kila kitu kilikwenda kichwani au begani, mpagazi mmoja na frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu. Msafara ulipanda bara na vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ukashuka na pembe za ndovu. Hata kwetu Kwale mambo yalikuwa hayo: misafara ya kwenda Kilimanjaro ilikuwa ikitoka Vanga. Hasara zake zilikuwa kama za leo. Mpagazi alichukua malipo ya kwanza akatoroka, kama vile leo dereva anavyouza dizeli njiani. Njia ilifungwa kwa vita, na mwenye mali akakaa akihesabu siku.

Allidina alijifunza kazi hiyo kwa mkono wake, kisha akaanza kutuma misafara yake mwenyewe. Aliloliona ni kwamba msafara unaopanda na kushuka bila kituo humweka mwenyewe katika hatari ya safari moja. Basi akafungua maduka njiani, Tabora na hata Ujiji. Duka liliuza nguo na chumvi, na papo hapo likanunua pembe, nta na asali. Mzigo wa kurudi ulikuwa umekwisha kukusanywa kabla wapagazi hawajafika. Wafanyabiashara wadogo aliwapa bidhaa kwa mkopo, nao wakamlipa kwa mazao. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa tayari mfanyabiashara mkubwa.

Hapo ndipo mtihani wake ulipokuja. Mwaka 1896 Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kwa mtu aliyeishi kwa misafara, hiyo ingekuwa habari ya kufunga duka, maana behewa moja lingebeba mizigo ya mamia ya wapagazi. Yeye aliifuata reli. Vibarua waliotoka Bara Hindi kuijenga walihitaji chakula, naye akawa mmoja wa waliowapelekea. Kila reli iliposogea, akasogeza maduka. Ilipofika ziwani, akawa na vyombo vyake majini, na matawi Kampala, Jinja na Entebbe. Mahali pasipo benki, maofisa na wasafiri walipata fedha dukani kwake. Baadaye akaingia katika kuchambua pamba na kukamua mafuta. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Alitoa sana, na hakuwabagua watu wa dini nyingine. Mwaka 1916 alifariki kwa homa aliyoipata katika safari ya Kongo. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi na bado anakwenda mwenyewe kuangalia biashara zake.

Kisha yakaja ambayo hayasimuliwi sana. Mwanawe Abdulrasul alirithi, na yeye ndiye aliyejenga shule ile kwa kumkumbuka babake. Lakini dunia ilikuwa imetoka vitani, bei za mazao zikaanguka, na Abdulrasul naye akafariki mwaka 1923. Ile biashara iliyoenea kutoka pwani hadi Kongo haikudumu baada yao. Kilichobaki ni shule na jina. Mimi naona kazi iliyoshikwa na mtu mmoja kwa miaka mingi ilikosa wa kuishika.

Nilipofika hapo mpwa wangu aliniuliza hayo yanahusu nini na Actros. Nikamwambia kwamba amenitajia bei, rangi na matairi, hajanitajia mzigo. Sisi wa Kwale tumeona wenyewe. Machimbo ya madini ya Base Titanium yalifungwa Desemba 2024, na mzigo uliokuwa ukienda Likoni ukaisha nayo. Gari zima lisilo na mzigo hukaa likiota kutu kama bovu. Kwa hivyo kwanza apate mtu wa kumpa mzigo wa kwenda, na mwingine wa kumpa wa kurudi. Barabara ya Dongo Kundu imetuondolea foleni ya feri, lakini trela linalorudi tupu kutoka Lungalunga linakula dizeli ya mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo tutakwenda kulitazama gari, na fundi wetu, si wa dalali. Tutakwenda asubuhi kabla injini haijawashwa, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha mengi. Tutafungua kifuniko cha oili tuone kama inafuka moshi, au kama oili imekuwa nyeupe kwa maji. Tutalala chini tuangalie chesisi kama imechomelewa, tulinganishe namba yake na ya logbuku. Kisha tutaomba lipakiwe mzigo, lipande mlima wa Golini hadi Kwale mjini. Likichemka au gia ikiruka, tutamshukuru mwenyewe na kurudi nyumbani. Niliwahi kununua lori dogo kwa kulizunguka tu kiwanjani, likafa injini mwezi wa pili. Deni lake nililipa miaka minne.

Pia pesa zote zisiishie kwenye bei. Ibaki akiba ya matairi, bima na spea.

Na la mwisho, ambalo mpwa wangu hakulipenda: majina yetu yote mawili yaandikwe, hesabu iandikwe kila safari, na mkewe ajue kuisoma. Mimi ni mzee. Yeye atakuwa barabarani. Shamba la mama likiuzwa, minazi ile hairudi, na wajukuu watauliza ilikwenda wapi.

Aliondoka bila kuaga vizuri. Juzi amenipigia simu. Yuko Lungalunga, anauliza bei ya kupakia mahindi. Dalali bado anampigia, na shamba bado halijauzwa.