Pol Duwez, mtoto wa Mons aliyegandisha chuma kama kioo

Ukipita Himbi, kuta za nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano. Okota kipande kilichotoka juu kabisa ya lava: ngozi yake inang'aa kama chupa iliyovunjika. Kipande cha ndani hakina mng'ao huo. Lava ni ile ile moja, lakini ya juu iliganda haraka mno, ya ndani ikapoa polepole na kupata muda wa kutengeneza punje.

Kwa mawe, jambo hilo linajulikana tangu kitambo. Lakini metali iliyoyeyushwa ilikuwa haijagandishwa ikawa kioo mpaka mwaka 1960. Aliyeongoza kazi hiyo ni Mbelgiji, Pol Duwez, na hapa kwetu jina lake halisikiki kabisa.

Alizaliwa Mons tarehe 11 Desemba 1907, mji wa wachimba makaa ya mawe. Vita ya kwanza ya dunia ilifika kwao Agosti 1914, mtoto hajatimiza hata miaka 7, na Wajerumani walikaa mule mpaka Novemba 1918. Miaka ile Wabelgiji walilishwa kwa chakula cha msaada kilichopita baharini, kazi iliyosimamiwa na tume ya Mmarekani Herbert Hoover. Watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa foleni ya msaada iko namna gani. Ila kuna kitu kimoja cha kushangaza: vita ilipoisha, pesa iliyobaki katika ile tume haikutawanyika. Iliwekwa kusomesha vijana wa Ubelgiji. Duwez alipomaliza masomo ya injinia Mons na udaktari Brussels, pesa hiyo njo ilimpeleka California mwaka 1933, kwenye chuo cha teknolojia cha Caltech.

Alirudi kwao kufundisha. Mwaka 1940, vita ya pili ikiwa imeshawaka Ulaya, alivuka tena bahari, na safari hii akabaki Marekani. Alichunguza na Theodore von Kármán namna metali inavyopindika ikigongwa kwa nguvu, kisha akashughulikia vifaa vya roketi, halafu akawa profesa.

Kioo chenyewe kilikuja kama ajali ya kazi nyingine. Duwez alikuwa anatafuta kuchanganya shaba na fedha, metali mbili ambazo zikipoa kwa kawaida zinatengana. Aliwaza: tukizipoesha haraka kupita kiasi, zitakosa nafasi ya kuachana. Yeye na wanafunzi wake Klement na Willens wakaunda kama bunduki ndogo: mgandamizo wa gesi unarusha tone la metali moto juu ya sahani ya shaba, linatandazika jembamba na kuganda papo hapo. Joto linashuka kwa kasi ya karibu digrii milioni 1 kwa sekunde!

Shaba na fedha zilikubali. Halafu wakajaribu dhahabu na silikoni, na picha ya eksirei ikawashangaza. Punje za metali hutoa mistari mikali. Safari hii walipata ukungu mpana tu, maana atomi ziliganda ovyo ovyo, vile zilivyokuwa kwenye uji. Kumbe ni kioo.

Lakini kioo kile cha dhahabu hakikudumu, kilibadilika hata kwa joto la kawaida la chumba. Tena wenzake wengine walibisha kwamba labda ni punje ndogo sana ambazo eksirei haizitofautishi. Njo maana kazi ya miaka iliyofuata haikuwa kutengeneza tu. Ilikuwa kuchungulia ndani, kupasha joto kidogo kidogo na kutazama punje zinaanza kuzaliwa wakati gani.

Mwaka 1967, pamoja na Lin, Duwez alitangaza kioo cha chuma, kilichochanganywa na fosfori na kaboni. Fosfori ile ile ambayo wayeyusha chuma huikimbia kwa kuwa inafanya chuma kivunjike! Hapa ilisaidia: atomi zake ndogo zinaingia katikati ya zile za chuma na kuzizuia zisijipange haraka. Na chuma hicho bila mpangilio kilibaki na nguvu za sumaku.

Hilo linagusa hata transfo ya kartye. Ndani yake kuna kiini cha chuma ambacho usumaku wake unageuzwa mbele na nyuma mara 50 kila sekunde. Katika chuma cha kawaida mipaka ya punje inakwamisha mgeuko huo, na umeme unapotea kuwa joto, usiku na mchana, hata kama hakuna mtu amewasha taa. Kioo cha chuma hakina mipaka hiyo, na utepe wake ni mwembamba kuliko unywele. Hasara hiyo inapungua kwa zaidi ya nusu.

Tepe za namna hiyo zilianza kuuzwa miaka ya 1970 huko Marekani, chuma moto kikimwagwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka mbio. Duwez aliziona. Alifariki Pasadena tarehe 31 Desemba 1984, akiwa na miaka 77.