James Chuma, Mtoto wa Chimilengo

Katika sikukuu hii ya jubilei twawakumbuka maaskofu na mapadre waliotutangulia, na ni vema. Lakini yuko mtu mmoja, wala hakuwa askofu wala padre, ambaye twaona haifai kumsahau. Huyu ndiye James Chuma, Myao.

Mtu aliyezaliwa huru akitaka kuijua asili yake huwauliza wazee wa mji wake. Lakini mtoto aliyeuzwa hana mzee wa kumwuliza. Kwa hiyo habari za Chuma twazifuata katika maandiko. Humo twaona kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1850, upande wa Ziwa Nyasa. Baba yake aliitwa Chimilengo, naye alikuwa mvuvi, na mama yake Chinjeriapi. Majina hayo mawili ni machache, lakini ni hazina, maana watoto wengi waliotekwa siku zile hawakubakiziwa hata jina moja la mzazi. Tena kwa Wayao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Basi aliyelihifadhi jina la Chinjeriapi alihifadhi jambo kubwa.

Mwezi wa Julai 1861, Dk. Livingstone na Askofu Mackenzie walikutana na msafara wa watumwa katika kijiji cha Mbame, wakawafungua watu 84. Chuma alikuwa mmoja wao, akalelewa na Misioni huko Magomero. Mwaka 1864 Livingstone akavuka bahari mpaka Bombay, naye Chuma alikuwamo chomboni pamoja na kijana mwenziwe, Wikatani. Wote wawili wakatiwa shuleni, na Desemba 1865 wakabatizwa.

Mwaka 1866 wakarudi na Livingstone, wakaja kwa njia ya Ruvuma hata Nyasa. Huko Wikatani akapata habari za ndugu zake, akaomba ruhusa, akabaki nao. Chuma akaendelea na safari. Twadhani si neno dogo kwa kijana kumwona mwenziwe amepata jamaa, na yeye mwenyewe kujitwika mzigo na kwenda mbele.

Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo. Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua miezi mingi, katika njaa na maradhi, mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Mwili ukazikwa London, Aprili 18. Chuma na Susi hawakuwahi maziko. Walifika Uingereza baadaye, wakamsaidia Bwana Horace Waller kuyapanga maandiko ya marehemu, kwa kuwa wao ndio walioyajua yaliyotukia.

Kisha Chuma akaitumikia Misioni. Alimwongoza Askofu Steere mwaka 1875 kwenda Mwembe kwa Mataka, na mwaka 1876 alikuwa katika safari iliyowapeleka mahuru kutoka Unguja, ambao walikaa Masasi. Mwaka 1879 akawa mkuu wa wapagazi wa Keith Johnston. Naye huyo alipokufa njiani, Chuma akaendelea na kijana Thomson mpaka Nyasa na Tanganyika, wakarudi salama mwaka 1880. Akafa Unguja mwaka 1882, katika hospitali ya Misioni, hali hajawa mzee. Mwaka ule ule Askofu Steere naye akafariki.

Ndugu waalimu, pengine kazi ya daftari za ubatizo, ndoa na maziko huonekana kazi kavu. Lakini tazameni: watekaji walimpokonya Chuma mji, baba na mama. Mtu mmoja alimwuliza majina ya wazazi wake, akayaandika kwa wino. Na kwa ajili hiyo sisi leo twaweza kumtaja Chuma, si kama mtumwa aliyekombolewa tu, bali kama mwana wa Chimilengo na Chinjeriapi. Basi tuyaandike majina yote, ya baba na ya mama, kwa mwandiko unaosomeka.